Chumba cha Vioo Tukuyu, na Baridi Isiyo na Wizara

Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Kyela siku hizi huliona jambo ambalo miaka kumi au kumi na tano iliyopita lilikuwa nadra. Akishaipita Isongole na mashamba yake ya viazi, akateremka kuelekea Kiwira na hatimaye Tukuyu, ataona nyumba moja baada ya nyingine ambayo kibaraza chake kimezungushiwa fremu za alumini na vioo kuanzia usawa wa kiuno hadi darini. Ndani huwekwa viti, televisheni na meza ya chai. Wenyewe hukiita chumba cha vioo, au chumba cha jua.

Wapo wanaokicheka. Nimesikia kikiitwa uzungu, fedha za kiinua mgongo zilizokosa kazi, banda la kuku la kifahari. Sishiriki katika kicheko hicho. Mstaafu mmoja wa utumishi wa umma, mzee wa rika la baba yangu, aliniomba ushauri mwaka jana. Baada ya salamu ndefu za kwetu alisema, "Daktari, mwanangu, nataka mahali pa kukaa Julai bila kuvaa blanketi kama mgonjwa." Fundi alikuwa amemshawishi aongeze na kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha joto na kupoza, ili chumba kitumike miezi yote kumi na miwili. Nilimjibu kwamba chumba akijenge, ila mashine aiache kwanza dukani. Sababu zangu zinahusu zaidi ya nyumba ya mzee mmoja, ndiyo maana naziandika hapa.

Nchi yetu hufikiriwa kutokea Pwani. Kipupwe cha Dar es Salaam ni upepo mwanana unaomfanya mtu afungue dirisha. Kipupwe cha Rungwe ni ukungu unaoshuka kutoka mlimani saa tisa alasiri, manyunyu yasiyo na jina katika taarifa ya hali ya hewa, na nguo zisizokauka siku nne. Mji wa Tukuyu upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na kitu, chini ya mlima unaokaribia mita 3,000, katika eneo linalopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hata lugha yetu ya ofisini inatusaliti: neno kiyoyozi tumelitunga na kulizoea kwa ajili ya kupoza hewa, lakini cha kupasha nyumba joto tunaazima tu na kukiita hita. Kisicho na jina hakipati fungu la bajeti.

Sasa turudi kwenye jua, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotoshwa na picha za mtandaoni. Chumba cha namna hii kimebuniwa katika nchi za kaskazini mwa dunia, ambako jua la majira ya baridi hukaa upande wa kusini tena chini sana. Mafundi wetu hunakili picha pamoja na mwelekeo wake, au hawaufikirii mwelekeo kabisa, bali hukiweka chumba upande unaotazama barabara ili kionekane. Tukuyu ipo takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, baridi inapoanza kukaza, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 57 hivi kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo ukuta wa vioo unaotazama kusini hautapata jua la moja kwa moja katika miezi ile ile unayolihitaji. Utapata mwanga na baridi. Vioo vielekezwe kaskazini, na kona ya kaskazini-mashariki ndiyo bora kwa anayependa kuota jua la asubuhi kabla mawingu hayajajikusanya.

Kosa la pili ni paa la kioo. Jua hupita juu ya utosi wa Tukuyu mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, na kati ya tarehe hizo halisogei mbali na utosi. Chumba chenye paa la kioo wakati huo huwa tanuri kila mawingu yanapofunguka, na hapo ndipo mwenye nyumba anapolazimika kununua mashine ya kupoza joto alilojijengea mwenyewe. Paa la bati lenye dari nzuri juu, vioo vilivyosimama wima pembeni, na madirisha mawili yanayofunguka kwa kukabiliana: hicho ndicho kiyoyozi cha kwanza. Cha pili ni sakafu. Zege au tofali za kuchoma zenye rangi iliyokolea hunywa joto la mchana na kulirudisha polepole jioni. Zulia zito la kufunika sakafu yote huzuia kazi hiyo. Usiku pazia nene lishushwe, kwa sababu kioo kimoja chembamba hupoteza joto karibu mara mbili ya kioo cha tabaka mbili, na hicho cha tabaka mbili si rahisi kukipata kwa fundi alumini wa kawaida. Na hewa ibadilishwe kila siku, la sivyo unyevu wa Rungwe utageuka maji kwenye kioo na kuvu kwenye ukuta.

Tuhesabu na umeme. Hita ya kilowati 2 ikiwashwa saa tano kila jioni hula uniti 10 kwa siku, uniti 300 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la T1 uniti moja ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo hufikia 356 hivi. Hiyo ni takriban shilingi 107,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Mtumishi wa ngazi hiyo angetoa zaidi ya sehemu moja ya tano ya mshahara ili apate chumba kimoja chenye joto. Mwenzangu mmoja wa uhandisi alinikumbusha kwamba kiyoyozi kinachopasha joto hutumia theluthi moja au hata robo ya umeme wa hita ya kawaida, na kwamba baada ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 nchi haina tena uhaba wa uzalishaji. Yote mawili ni kweli. Lakini mashine hiyo inahitaji mtaji, fundi na umeme usiokatika katika wilaya ya radi na miti inayoangukia nyaya. Kuiweka katika chumba kinachovuja joto ni kuchota maji kwa tenga, hata kama maji yenyewe yamekuwa rahisi.

Nimeanza na wenye uwezo kwa sababu wao ndio wanaojenga vyumba hivi. Walio wengi Rungwe wana chombo kingine cha kudhibiti joto ndani ya nyumba, nacho ni jiko la mkaa. Linapika ugali na maharage, kisha huingizwa ndani likiwa na makaa mekundu, mlango ukafungwa, familia ikalizunguka. Kila msimu wa baridi nyanda za juu kusini husikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, wala haimwamshi aliyelala. Na hapa niseme kwa ukali kwa wenye vyumba vya vioo: chumba kilichozibwa vizuri ndicho chumba ambacho mkaa huua upesi zaidi. Asiingize jiko humo mtu yeyote, hata kwa dakika za kunywa chai.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Nauunga mkono bila kusita. Lakini tazama jina lake: ya kupikia. Kwa Pwani na kanda ya kati jina hilo linatosha. Rungwe, Makete, Njombe na Mufindi, jiko lina kazi mbili, na mtungi wa gesi huchukua moja tu. Mama aliyepewa mtungi atapika kwa gesi saa moja jioni, kisha saa mbili atawasha mkaa ili wanawe wapate joto, na mtaalamu wa tathmini atarudi Dodoma akiandika kwamba wananchi wana mazoea magumu kubadilika. Mazoea hayana hatia hapo. Nyumba ina baridi, na hakuna ofisi yenye jukumu hilo: Nishati wanahesabu majiko, Ardhi wanahesabu viwanja, Afya wanapokea wagonjwa wa nimonia.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika suala hili. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1879, alizisifu nyumba za Wanyakyusa kwa usafi na ustadi, na nyumba zile za mianzi na udongo zilizoezekwa kwa nyasi nene zilihifadhi joto kuliko bati tupu lisilo na dari. Sisemi turudi kwenye nyasi. Nani ataezeka, na nyasi zenyewe ziko wapi? Wakoloni nao, popote walipojenga penye baridi, Lushoto, Mufindi au Mbeya, waliweka meko ukutani na dohani ya kutolea moshi. Ni sisi, baada ya Uhuru, tulioamua kwamba nyumba bora ni moja nchi nzima, na nyumba hiyo ikachorwa na mtu anayetokwa jasho.

Tena tunatetemeka juu ya moto. Ngozi na Kiejo-Mbaka ni miongoni mwa maeneo ambayo kampuni ya umma ya jotoardhi, iliyoanzishwa 2013, inayachunguza na kuyachoronga. Mazungumzo yote ninayoyasikia ni ya megawati kwenye gridi. Iceland, karibu nyumba tisa katika kila kumi hupata joto kutokana na maji ya chini ya ardhi, bila kupitia kwanza kwenye nguzo za umeme. Sitarajii mabomba ya maji moto mpaka Tukuyu mjini kesho. Ningependa tu kuona katika andiko la mradi hata ukurasa mmoja unaowazungumzia wanaolala juu ya hilo joto.

Kuna jengo moja ambalo, kwa maoni yangu, lilipaswa kupata chumba cha jua kabla ya mstaafu yeyote, nalo ni zahanati. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi joto 25, kwa sababu mtoto mchanga, hasa njiti, hupoteza joto haraka na baridi pekee inaweza kumwua. Ramani za vituo vyetu hutoka TAMISEMI zikiwa sanifu, na ramani inayofaa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa ambako watu hulala madirisha wazi, ndiyo inayojengwa Isongole kwenye ukungu, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari. Mafundi ni wale wale, matofali yale yale, na gharama ya kugeuza mchoro ili wodi ya wazazi ielekee kaskazini na madirisha yake yafungike barabara ni ndogo mno ikiwa itaamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Watumishi wa halmashauri za Rungwe na Busokelo ni miongoni mwa wasomaji wa safu hii, na baadhi yao nimewafundisha. Ombi langu kwao halihitaji sheria mpya. Katika fomu za kibali cha ujenzi nilizowahi kujaza niliulizwa mipaka, choo na idadi ya vyumba. Upande wa jua sikuulizwa. Ongezeni mstari huo. Na mradi ujao wa zahanati ukija na ramani yake kutoka Dodoma, mhandisi wa halmashauri aende eneo la ujenzi mwezi Julai saa tatu asubuhi akiwa na dira, asimame mahali patakapokuwa kitanda cha mzazi, kisha ndipo atie saini.