Tamko Kuhusu Madhara ya Muda Mrefu ya Bangi na Haki ya Mtumiaji Kutibiwa

1. Sisi wauguzi, matabibu na wanasaikolojia tunaohudumu katika wodi na kliniki za afya ya akili nchini Tanzania, tukizungumza kwa kauli moja kupitia chama cha taaluma yetu, tunatoa tamko hili kwa umma na kwa mamlaka zote zinazohusika, kuelekea Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Matumizi na Biashara Haramu ya Dawa za Kulevya.

2. Kwa muda mrefu suala la bangi limeachiwa kauli mbili zinazopingana, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni ya vitisho, kwamba pafu moja linatosha kumtia mtu wazimu. Kijana aliyekulia kijiweni, akawaona wenzake wakivuta miaka nenda miaka rudi na asubuhi wakaamka kwenda kazini, huipima kauli hiyo na kuiona ya uongo. Akishaiona hivyo, hasikii tena hata lile lililo kweli. Ya pili ni ya kubembeleza: bangi ni jani tu, limeota lenyewe, na Wazungu wamekwisha kuiruhusu. Chama kinazikataa zote mbili. Umma una haki ya kuambiwa kinachojulikana, kwa kadiri kinavyojulikana.

3. Kiini kinacholevya katika bangi, kiitwacho THC, hufanya kazi katika sehemu za ubongo zinazoongoza kumbukumbu, hisia, usingizi na hamu ya kula. Huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, ndiyo maana kwa mvutaji wa kila siku mabaki yake huweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya msokoto wa mwisho. Ubongo nao huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25. Kwa hiyo mtu wa miaka 40 anayevuta mara moja moja na mtoto wa miaka 14 anayevuta kila siku kabla ya kuingia darasani hawako katika hatari moja, na haifai kuwazungumzia kana kwamba wako.

4. Athari nzito kuliko zote ni saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza mshiko wa uhalisia. Mwaka 1987 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano mara 6 wa kupatwa na skizofrenia, aina sugu ya saikosisi, kuliko wasiovuta. Utafiti wa mwaka 2019, uliohusisha maeneo 11 ya Ulaya na Brazil, ulionyesha kwamba uwezekano wa saikosisi kwa mvutaji wa kila siku ni takriban mara 3 ya ule wa asiyevuta, na hukaribia mara 5 iwapo bangi hiyo ina THC ya asilimia 10 au zaidi. Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu: wavutaji walio wengi hawapatwi na ugonjwa huo, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Hata hivyo, hakuna kijana anayejua mapema yuko kundi gani. Skanka, yaani bangi yenye THC nyingi inayouzwa mijini, na biskuti au keki zilizochanganywa na bangi, humnyima hata uwezo wa kukadiria kiasi anachokiingiza mwilini.

5. Wanachama wetu wameuona mwendo wa ugonjwa huo kwa macho. Kijana huletwa na ndugu watatu au wanne kwenye bajaji, mara nyingi usiku, pengine mikono imefungwa kamba. Hajalala siku kadhaa. Anasema majirani wanamtangaza redioni. Familia imekwisha kumpeleka kwa mganga, imekwisha kuambiwa kwamba amechezewa na shangazi yake, na ukoo umekwisha kugawanyika. Muuguzi anapouliza kama anavuta, baba hujibu upesi kwamba mwanawe hana tabia hiyo. Mama hutazama chini. Jibu la kweli huja siku ya tatu au ya nne, pembeni, kutoka kwa mdogo wake aliyeleta uji. Kinachowafunga midomo ni hofu: hofu ya polisi, ya kufukuzwa shule, ya jina la familia.

6. Kuhusu uwezo wa akili, Chama kinachagua maneno yake. Utafiti wa Dunedin nchini New Zealand, uliowafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, uliona kwamba walioanza kuvuta wakiwa na umri mdogo na kuendelea hadi utu uzima walipoteza hadi pointi 8 za kipimo cha akili walipofika miaka 38. Tafiti za baadaye zilizolinganisha mapacha hazikuthibitisha kwamba chanzo ni bangi yenyewe. Lisilo na ubishi ni kwamba umakini na kumbukumbu hudhoofika kwa mtu anayevuta kila siku, na ingawa hali hiyo huweza kurejea akiacha, mtihani wa kidato cha pili haumsubiri.

7. Vijiweni husemwa kwamba bangi haina arosto. Inayo. Karibu mtu 1 kati ya 10 waliowahi kuitumia huishia kuwa tegemezi, na kwa walioanza wakiwa wadogo hufikia 1 kati ya 6. Anayeacha ghafla huwa mwepesi wa hasira, hukosa usingizi na chakula hakipiti, kwa wiki mbili au zaidi. Hali hiyo haiui, lakini huwarudisha wengi kwenye msokoto.

8. Moshi wa bangi huleta kikohozi cha kudumu chenye makohozi. Kuhusu saratani ya mapafu, ushahidi bado haujatosha kutoa hukumu. Wavutaji wa miaka mingi wengine hupatwa na kutapika kusikokoma, ambako hutulia kwa muda wanapooga maji ya moto. Mjamzito anayevuta hujiweka katika hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu.

9. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyosafishwa kutoka mmea huu kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Ni kweli pia kwamba Desemba 2020 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne, lenye udhibiti mkali zaidi, la Mkataba wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, ingawa iliibakiza kwenye Jedwali la Kwanza. Lakini dawa hiyo ya kifafa ni CBD, kiini kingine cha mmea huu, haina ulevi, na hutolewa kwa kipimo. Kete ya mtaani haina kipimo wala mwenye kuwajibika. Na Kanada, inayotajwa sana kwa kuihalalisha bangi, haimruhusu muuzaji kumuuzia mtoto.

10. Chama hakiombi bangi ihalalishwe, wala hakiingilii kazi ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya dhidi ya wakulima na wafanyabiashara wa bangi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015. Lakini mtu aliyefika kituo cha afya kutibiwa ni mgonjwa, na siri yake si mali ya muuguzi, ya mganga mkuu wala ya ofisa yeyote. Huo ni msingi wa taaluma yetu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeupa nguvu. Hakuna operesheni, hata ikiwa na nia njema, inayoufuta.

11. Kwa hiyo Chama kimeazimia yafuatayo. Hakuna mwanachama atakayetoa jina la mgonjwa wake kwa sababu ya kutumia bangi, isipokuwa kwa amri ya mahakama au pale sheria inapoagiza waziwazi. Kila mwanachama atamuuliza kila mgonjwa kijana, faraghani na bila kumkaripia, alianza akiwa na umri gani na hutumia mara ngapi. Wizara yenye dhamana ya elimu inaombwa kuweka utaratibu ambao mwanafunzi aliyekutwa na bangi atamwona kwanza mtaalamu, kabla ya uamuzi wowote wa kumsimamisha. Wizara ya Afya nayo inaombwa kukumbuka kwamba kliniki za methadoni, zilizoanzia Muhimbili mwaka 2011, ziliwekwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa cha kutibu uraibu wa bangi; tiba yake ni ushauri nasaha wa muda mrefu, na ushauri huo unahitaji watu wenye ujuzi, walioajiriwa, katika hospitali za wilaya. Juu ya ajira hizo Chama hakitanyamaza.

12. Wazazi na walezi wanaombwa wasisubiri. Kijana asiyelala, anayejitenga, anayemshuku kila mtu au kuzungumza na asiyeonekana, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na muuguzi aambiwe ukweli wote siku hiyo hiyo ya kwanza.