NYWILA YA MWALIMU ISIWE MALI YA DARASA ZIMA

Nimeshika kalamu niseme jambo moja kuhusu zile barua pepe ambazo wenzetu wa somo la tarakilishi hututumia kwa programu.

Nyote mmeziona. Mtu anaandika mistari michache ya Python, anaielekeza kwa seva ya Gmail, yaani smtp.gmail.com, mlango nambari 587, na mara mwaliko wa mkutano umewafikia wanachama wote. Hakuna tena kukaa ukiandika anwani moja moja. Ni kazi safi, siipingi hata kidogo.

Lakini hebu itazameni programu yenyewe. Mara nyingi nywila ya akaunti imeandikwa humo waziwazi, kama jina juu ya daftari, na akaunti aghalabu ni ya mlezi wa chama! Kisha programu inanakiliwa katika flashi, huyu anampa yule, yule anampa wa kidato cha pili. Jameni! Katika akaunti hiyo mna alama zetu, mna barua za wazazi. Tena mwalimu akisahau nywila ya akaunti zake nyingine, ujumbe wa kuibadilisha hutumwa humo humo. Aliyeshika ufunguo huo ameshika nyumba nzima.

Wapo wanaonung'unika ati Gmail ni wakaidi, kwamba programu za zamani sasa zinajibiwa 535, jina na nywila havikubaliki. Ni kweli. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022, Google walianza kuikataa nywila ya kawaida inapotoka kwa programu za namna hii katika akaunti za watu binafsi. Mimi nasema walifanya vyema. SMTP, utaratibu wa kupeleka barua hizi, ulipoandikwa na Jon Postel mwaka wa 1982 haukumdai mtumaji nywila yoyote. Njia rasmi ya kujitambulisha kwa seva iliongezwa mwaka wa 1999. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuaminiana tu, kama mama mboga anayemkopesha kila apitaye.

Siku hizi mwenye akaunti huwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kisha akapewa nywila ya programu, yenye herufi 16. Ikiponyoka, anaifuta hiyo peke yake. Wengine watadhani mambo yamekwisha. La! Mwenye herufi hizo 16 anaweza pia kuzisoma barua, si kuzituma tu. Na kuna jambo lingine: mtu binafsi haruhusiwi kupita barua 500 kwa siku. Programu ya mwanafunzi ikizunguka bila kukoma, mwalimu ndiye atakayezuiwa kutuma barua zake, pengine siku nzima.

Kwa hivyo naomba chama kifungue akaunti yake chenyewe kabla ya mialiko ya muhula ujao. Kwa kuwa sisi wa bweni haturuhusiwi simu, ile ya uthibitishaji iwe ya mlezi. Nywila ya programu iwekwe katika faili ya kando isiyonakiliwa, ishikwe na mlezi na katibu basi. Nanyi mlio na programu za zamani, futeni ule mstari leo hii, na mwalimu abadilishe nywila yake hata kama mmeufuta.