Waganga wa kienyeji wasiachwe nje ya mfumo wa afya

Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018, virusi vilipata njia katika vituo vidogo vya Beni ambako dawa za kienyeji na sindano hutolewa chini ya paa moja. Baadhi ya watoto waliopelekwa huko kutibiwa malaria waliambukizwa Ebola. Hadi mwisho wa ugonjwa ulipotangazwa Juni 2020, watu zaidi ya 2200 walikuwa wamekufa mashariki mwa nchi yetu.

Wako waliosema vituo hivyo vifungwe. Lakini kufunga mlango huo hakumpeleki mgonjwa hospitalini. Raia anaenda kwa mganga kwa sababu yuko karibu, anasema lugha yake, tena anakubali kulipwa kesho au kwa kuku. Serikali ikiahidi huduma ya afya kwa wote huku ikimsahau mganga huyo, wengi watabaki nje.

Maandishi hatukosi. Azimio la Alma-Ata la 1978 liliwapa waganga wa kienyeji nafasi katika afya ya msingi. Mei 2025, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipata mkakati mpya wa tiba ya asili hadi 2034. Wizara yetu ya afya nayo ina programu ya taifa ya tiba hiyo. Kinachokosekana ni kazi huku chini, katika maeneo ya afya.

Kwanza, kila eneo la afya liandikishe waganga wake na kujua nani anatibu nini. Pili, wafundishwe dalili za hatari, kama vile kutoka damu, degedege na uchungu wa uzazi unaokawia. Wapewe karatasi ya kumtuma mgonjwa, na muuguzi aipokee bila matusi. Tatu, sindano ziachiwe wenye diploma.

Dawa zenyewe zipimwe. Kwinini, ambayo Bukavu imeitengeneza miaka mingi, hutoka kwenye gome la mti. Mmea wa artemisia ulimpa Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo OMS haishauri kutibu malaria kwa chai ya artemisia, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani. Maabara ndiyo inayoamua, si sifa za sokoni.

Mganga aliye na namba ya simu ya muuguzi leo anaweza kuwa wa kwanza kutoa habari ugonjwa mwingine ukiingia kijijini.