Usimwage Hayo Maji

Tangi la samaki lililosahaulika lina adui mbaya kuliko mtu aliyelisahau. Ni yule anayefika Jumamosi asubuhi na ndoo mbili, brashi, chupa ya Jik na nia njema. Aliyesahau aliwanyima samaki chakula na mimea matunzo. Wengine walikufa, wengine wakazoea. Huyu wa ndoo anawamaliza waliobaki ndani ya siku chache, na kabla wafe ashapiga picha.

Najua nitaudhi watu, lakini wacha niseme. Nairobi imejaa matangi haya: kliniki za meno, mahoteli, mapokezi ya ofisi, sebule za watu waliopata pesa mwaka fulani wakataka kitu cha kutuliza macho. Liliponunuliwa lilikuwa bustani ndani ya kioo. Miezi sita baadaye aliyekuwa akilitunza amehamishwa, amefutwa ama amechoka tu. Kioo kimeota utelezi wa kijani. Majani yamekuwa kahawia, yametoboka, yanaanguka moja moja. Maji yana rangi ya strungi. Na nyuma ya gogo, ukiinama uangalie vizuri, kuna samaki wawili watatu bado wanapumua.

Hapo ndipo fundi anaitwa. Fomula yake unaijua. Samaki kwenye beseni, maji yote chooni. Kokoto zinaoshwa mpaka maji yatoke meupe. Sponji ya chujio inasuguliwa chini ya mfereji, ama inatupwa inunuliwe nyingine. Mimea iliyochoka inang'olewa yote. Tangi linajazwa maji ya mfereji, samaki wanarudishwa, na wengine kumi wapya wanaongezwa ili mteja aone pesa yake imefanya kazi. Jumatatu bosi anapita, anafurahi. Jumatano samaki wanaelea. Ijumaa fundi anapigiwa simu, anasema hao samaki walikuwa wagonjwa tangu zamani, lakini usijali, ako na wengine.

Video za simu nazo zimeifanya biashara hii kuwa burudani. Sekunde ya kwanza uchafu, sekunde ya sitini pepo. Ushawahi kuona mtu akiweka video ya wiki ya tatu?

Kinachowaua samaki hao si mkosi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na jani linalooza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hawa hawaelei sana majini. Wamejishikilia kwenye sponji, kwenye kokoto, kwenye gogo. Lile tope la kahawia ndani ya chujio, linalokufanya ukunje pua, ndilo ini la tangi. Kwenye tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Na maji ya mfereji yana klorini, iliyotiwa makusudi ili kuua bakteria. Kwa hivyo ukiosha kila kitu kwa maji ya mfereji umeling'oa ini, kisha ukaongeza samaki kumi wa kulifanyisha kazi. Ulitarajia nini?

Kuna la pili, na hili hata wajuaji hulipita. Kazi ya bakteria hao huzalisha asidi. Tangi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji humaliza alkali yake, na pH inashuka, hadi 6 ama chini. Katika maji ya asidi, karibu amonia yote hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina makali. Samaki wanaishi juu ya deni wasiloliona. Sasa wewe unakuja, unamwaga nusu ya maji, unajaza maji ya kisima kirefu cha mtaani, ambayo hapa Nairobi mara nyingi yana pH iliyo juu ya 7. pH ikipanda kwa 1, ile sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Deni lote linadaiwa alasiri moja. Maji yanang'aa, samaki wanahema juu juu wakitafuta hewa, na watu wanatikisa vichwa: "Hawa walizoea uchafu." Hapana. Waliuawa na haraka yako.

Utaniuliza: sasa tuache tu linuke? Tuna wageni. Swali ni la haki. Kama chujio limezimika siku kadhaa kwa sababu stima ilipotea na hakuna aliyekumbuka kuliwasha, linanuka mayai viza kwa kuwa bakteria wa ndani wamekosa oksijeni wakafa. Hilo lioshe kabla ya kuliwasha, la sivyo litatapika uozo wote tangini. Na kuna matangi ya kumwagwa kabisa: lililopasuka, lililopuliziwa dawa ya mende, lenye ugonjwa wa kuambukiza ambao mtu mwenye ujuzi ameuthibitisha. Lakini "linaniaibisha mbele ya wageni" haimo kwenye orodha hiyo. Funika kwa kitambaa kama ni lazima.

Kulifufua tangi ni kazi ndogo ndogo zisizopendeza kwenye kamera. Pima maji kwanza: pH, amonia, nitriti. Toa kilichokufa, yaani samaki, majani, chakula kilicholala chini. Badilisha asilimia 10 ya maji, basi, kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Rudia kila baada ya siku mbili, ili pH ipande polepole na lile deni lilipwe kidogo kidogo. Sponji ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke kwenye mfereji. Sakafu ifyonze kwa mpira, robo moja kwa wiki. Samaki wapya, sahau kabisa kwa sasa.

Kisha taa. Watu huona kijani kwenye kioo wakadhani dawa yake ni brashi. Mwani unakula mwanga, na mbolea ambayo mimea dhaifu imeshindwa kuila. Punguza taa ziwake saa 6 kwa siku, halafu tia mmea wenye njaa, kama Ceratophyllum, ule unaofanana na mkia wa paka, ambao pia huota wenyewe Naivasha. Hauhitaji hata mizizi. Utauibia mwani chakula mpaka uchoke.

Na kabla hujang'oa mimea ya zamani, ibonyeze. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na Kati ambao fundi huutupa wa kwanza kwa sababu majani yameisha, huweka akiba yake kwenye shina nene linalotambaa. Shina likiwa laini, limeoza, litoe. Likiwa gumu, liko hai. Lifunge kwenye gogo uliache. Tangi la mwisho nililoshika lilikuwa la lita 120, kwenye mapokezi ya ofisi moja. Wiki ya kwanza halikubadilika hata kidogo, na walinzi walinicheka. Wiki ya tatu shina moja likatoa jani dogo kama ukucha. Wiki ya saba ungeweza kusoma gazeti kupitia kioo hicho, na samaki wale wawili waliobaki walikuwa wanakuja mbele wakiona mtu. Gharama yangu ilikuwa dawa ya klorini, vipimo, na fungu moja la mmea.

Halafu mwacheni konokono. Mwaka wa 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliandika juu ya jaribio lake: samaki wawili wa dhahabu na mmea wa Vallisneria ndani ya chombo kimoja. Mambo yakaharibika majani yalipoanza kuoza na kuchafua maji. Alichofanya ni kuongeza konokono. Wakala uozo, mmea ukapona, samaki wakaishi. Mchezo huu wote wa kufuga samaki na mimea pamoja una deni kwa konokono, ilhali miaka zaidi ya 170 baadaye fundi wako anaanza kazi kwa kumponda kwenye kioo.

Na hayo unayomwaga yanaenda wapi? Mimea iliyong'olewa inaishia kwenye mtaro, mtaro unaishia mtoni. Kenya haihitaji kuhadithiwa kinachofuata. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini likatembezwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri. Leo muulize mvuvi wa Kisumu ambaye boti yake imekwama ndani yake asubuhi nzima. Salvinia, gugu jingine la Brazil linalopendwa kwenye vidimbwi vya mapambo, liliwahi kufunika sehemu kubwa za Ziwa Naivasha. Mmea ulioutoa tangini ukaushe juani mpaka uwe kama majani ya chai, ndipo uutupe. Na samaki usiyemtaka mpe mtu. Mto si jaa lako.

Nimeanza kushuku kwamba hii hamu ya kuanza upya haina uhusiano na usafi. Kuanza upya kunauza. Kunauza sponji mpya, kokoto mpya, samaki wapya, na baada ya miezi sita kunauza vyote tena. Kulea kilichobaki hakumtajirishi mtu. Ila pia kunatufichia aibu: maji yakimwagwa, hakuna ushahidi kwamba kuna viumbe tuliowaleta hapa kwa pesa zetu, tukawafungia, tukawasahau. Tangi safi halikumbushi chochote. Lile la rangi ya strungi linakuambia ukweli, na ndiyo maana unataka kulimwaga.

Kama unalo moja, la kwako ama la kazini, nakuomba usimpigie mtu simu Jumamosi hii. Toa ndoo moja ya maji. Kamua sponji ndani yake. Okota majani yaliyokufa, rudisha ndoo moja ya maji yaliyotolewa klorini, zima taa mapema, ondoka. Kesho kutwa rudi ufanye vivyo hivyo.