Sarafu za Munich na maneno ya wauzaji

Anayekuuzia sarafu ya fedha ya Olimpiki ya Munich, 1972, huanza na hili: ziko chache. Chache wapi? Ujerumani Magharibi ilitoa aina sita za mark 10, jumla yake kama milioni 100. Muuzaji mjanja hapo hurukia ile ya mwanzo, iliyoandikwa “in Deutschland”. Kisa chake ni cha kweli, tena kitamu: Ujerumani Mashariki ililalamika kwamba Michezo hupewa mji, si nchi, na maandishi yakageuzwa kuwa “in München”. Ila hadi yanageuzwa, milioni 10 zilikuwa zimeshatengenezwa. Ukisikia bei ya ajabu kwa sababu ya neno hilo moja, ondoka.

Atasema pia ni fedha tupu. Sarafu ina uzito wa gramu 15.5, na fedha ndani yake ni asilimia 62.5, yaani gramu 9.7 hivi. Iliyobaki ni shaba. Wakanada walikuwa wakarimu zaidi: dola 10 ya Montreal 1976 ina gramu 48.6, fedha asilimia 92.5. Sonara hana habari na pete za Olimpiki, yeye anaangalia mzani.

Dai lenye chembe ya ukweli ni hili: ni pesa halali, huwezi kula hasara. Kweli, Benki Kuu ya Ujerumani bado inapokea mark, hizi zikiwemo, bila kikomo cha muda. Lakini kwa mark 10 unapewa euro 5.11. Uliyeinunua kwa euro 30, dhamana hiyo inakusaidia nini?

Eti ya zamani hupanda bei tu. Januari 1980 aunsi ya fedha ilikaribia dola 50, na sarafu nyingi za namna hii zikaishia kwenye tanuru. Machi bei ikaporomoka. Mganda anayeitaka kwa ajili ya John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi kule Munich kwa sekunde 47.82, simgombezi, huyo hangojei faida.

Na ule ushauri wa kuisugua kwa majivu na ndimu ing'ae ndipo iuzike? Majivu huacha mikwaruzo, na mkusanyaji akiiona chini ya lenzi atakupa bei ya chuma chakavu.