Barafu ya Kilimanjaro na mtoto mgongoni (Sehemu ya 3)

Tangu niandike kuhusu likizo na watoto, meseji nyingi zinauliza jambo moja: "Nesi, tunaweza kuwapeleka wakaione barafu ya Kilimanjaro?"

Mnaweza, tena msikawie. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imeshatoweka, na mwaka 2022 UNESCO walionya kwamba iliyobaki inaweza kuisha ifikapo 2050. Na sitaki kusikia kwamba mlima ni wa wazungu. Ni wetu.

Ninachopinga ni ile safari ya siku moja ya uwanda wa Shira kwa watoto wadogo. Gari linawapandisha hadi mita 3,500 hivi, mnatembea kidogo, mnaitazama barafu ya upande wa magharibi wa Kibo, mnashuka. Baba ataona ni nafuu kwa sababu hakuna kutembea sana. Kumbe hapo ndipo penye shida: mwili wa mtoto haupewi muda wa kuzoea. Kule juu kila pumzi inaleta karibu theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata mtu wa Tanga.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, hasa sisi wa Kanda ya Ziwa. Kwetu selimundu ipo sana. Oksijeni ikipungua, chembe za damu za mtoto mwenye selimundu zinajikunja na kuziba mishipa. Baridi na kukosa maji vinazidisha. Maumivu yanaanza mkiwa mbali na hospitali. Hata yule aliyerithi upande mmoja tu, ambaye hapa Geita anacheza mpira bila tatizo, bandama lake linaweza kuumia kwenye miinuko. Kwa hiyo kabla ya kulipia safari, mpime mtoto. Ni damu kidogo tu. Akikutwa na selimundu, barafu aitazamie Moshi mjini asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunga. Inaonekana vizuri sana, na wala hulipi kiingilio.

Kwa walio wazima, mimi ningechagua njia ya Marangu. Mnapanda kwa miguu msituni hadi Mandara, mita 2,720, halafu mwendo mfupi hadi kreta ya Maundi, ambako Kibo na Mawenzi huonekana kukiwa kweupe. Ni saa tatu au nne za kupanda kwa mtu mzima, kwa hiyo huyu ni mtoto wa shule, si wa mgongoni. Kileleni hata usiulize: hifadhi haimruhusu aliye chini ya miaka 10.

Na jamani, kichanga hasemi kichwa kinauma. Atalia bila kunyamaza, atakataa ziwa, atatapika, hatalala. Ukiona hivyo mkiwa juu, msisubiri apate nafuu, wala msimpe dawa ya kutuliza mkaendelea. Shukeni saa hiyohiyo, hata kama mmebakiza hatua mia na baba ana kamera mkononi.

Kesho nitaandika kuhusu nguo za mvua na chakula cha njiani. Maswali ya selimundu niulizeni hapa chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.