"Pemba Lini?" Tuulize Kwanza: Kibali Kasaini Nani?



Wiki hii kuna video inazunguka kwenye makundi yetu. Watalii wako Nungwi, wamepanda vile vipikipiki vya matairi manne, wanapita katikati ya nyumba za watu, vumbi limetanda, watoto wanakimbia nyuma wanapunga mikono. Aliyeirusha kaandika chini: "Pemba lini?" Basi watu wakamshangilia, kila mmoja na lake.

Sikumjibu pale pale. Namjibu hapa, maana jibu lenyewe refu.

Kwanza tuelewane. Sina ugomvi na utalii. Wengi niliosoma nao skuli wako Unguja leo, wanatandika vitanda vya hoteli, na wanaleta pesa nyumbani. Kijana wa Micheweni anayegonga kokoto juani ana haki ya kutamani kazi ya kivulini. Anayesema Wapemba hatutaki maendeleo anatutukana tu.

Lakini "Pemba lini?" ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku mwekezaji akitaka kiwanja cha kukimbizia hivyo vipikipiki nyuma ya ufuo wenu, nani anamwambia ndiyo? Na wewe unapata habari lini, kabla au baada?

Nikwambie sisi tulivyopata habari. Kijijini kwetu, mama mmoja mkulima wa mwani alikwenda asubuhi kuanika mwani wake, akakuta bikoni imesimikwa pale pale anapoanika. Tukamwendea sheha. Akasema naye kaambiwa tu atoe ushirikiano. Tukamwendea diwani. Akasema karatasi hajaiona. Wilayani tukaambiwa tumuulize aliyetoa ardhi. Aliyetoa ardhi tukaambiwa yuko Unguja, na nauli ya meli juu yetu. Hakuna hata mmoja aliyetwambia "ndiyo", wala aliyetwambia "hapana". Lakini bikoni ipo.

Huo si uzembe wa mtu mmoja. Ndivyo mambo yalivyopangwa.

Tazama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, na Sheria ya Ardhi namba 12 ya 1992 imeiweka mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Sawa. Lakini huyo mwananchi ambaye ardhi imeshikwa kwa niaba yake anasikilizwa wapi? Kwa sheha? Sheha hukumchagua wewe. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Sasa mtu aliyewekwa na wa juu atamkatalia vipi wa juu? Diwani ndiye uliyempigia kura, na ndiye wa mwisho kujua. Uwekezaji una mamlaka yake, ZIPA. Mazingira yana mamlaka yake, ZEMA. Kila mmoja ana muhuri wake. Shehia haina muhuri wa kusema "subirini kwanza".

Sheria ya Mazingira namba 3 ya 2015 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na wananchi wahusishwe. Nzuri sana. Sasa jiulize mwenyewe: umewahi kuona ripoti ya tathmini, kwa Kiswahili, imebandikwa ofisini kwa sheha wenu? Mimi bado. Kumwita mzee, kumsainisha karatasi ya mahudhurio na kumpa soda si kumhusisha.

Kuna watakaosema: vipikipiki tu hivyo, vina madhara gani? Madhara yapo. Fukwe zetu kasa wanatagia. Mayai wanayafukia mchangani, juu huoni kitu. Tairi likipita mchanga unashindiliwa, na kitoto kikianguliwa hakipati pa kutokea. Na mwani ukianikwa pembeni ya njia ya vumbi, nani ataununua? Haya ni mambo ambayo mvuvi na mama wa mwani wanayajua bila kwenda chuo. Ndiyo maana waulizwe kabla.

Na msidhani tukiulizwa tutakataa tu. Historia yetu wenyewe inatoa jibu. Miaka ya mwanzo ya 1990 Kisiwa cha Misali, hapo mbele ya Wesha, kilitolewa kwa mwekezaji kutoka nje ajenge hoteli. Kisiwa chenyewe hakifiki hata kilomita moja ya mraba, lakini bahari yake inalisha maelfu ya watu, na wavuvi wana madago yao pale tangu zama za mababu. Wazee wanasimulia kuwa ndipo Nabii Khidhri alipokifanya kisiwa kuwa msala wake. Wavuvi wakakataa. Hawakuchoma kitu wala hawakumpiga mtu. Walisema, wakarudia kusema, na wataalamu wa mazingira waliokuwa na imani nao wakasema pamoja nao. Mpango wa hoteli ukafutwa. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa hifadhi, na wavuvi wakawa na jumuiya yao ndani ya usimamizi. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa ikawa PECCA, karibu upande wote wa magharibi wa Pemba.

Na watalii? Mpaka leo wanakwenda Misali kuzamia na kutazama matumbawe. Kwa hiyo wale waliosema "hapana" kwa hoteli hawakuua utalii. Waliuokoa.

Linganisha na Desemba 2021, visiwa vidogo vya Zanzibar vilipotangazwa kukodishwa kwa wawekezaji. Wangapi kati yetu tulijua kabla ya kusoma kwenye habari? Uchumi wa buluu ni jina zuri. Lakini bahari ilikuwa buluu kabla ya sera, na ilikuwa na wenyewe.

Najua swali linalokuja: "Nanyi si mliingia kwenye Serikali ya Umoja wa Kitaifa?" Ndiyo, chama chetu kiliingia, na sitaikwepa hoja. Kuwemo ndani si kibali cha kunyamaza. Na viongozi wetu nao nawaambia hapa hapa: tunadai Zanzibar yenye mamlaka kamili, tunasema haiwezekani mambo yetu yaamuliwe mbali halafu tuletewe taarifa. Basi kama hoja hiyo ni ya haki baina ya Zanzibar na Dodoma, ni ya haki pia baina ya shehia ya Pemba na ofisi za Unguja. Hatuwezi kudai mamlaka huko juu halafu tukamnyima mama wa mwani huku chini.

Tunachodai ni vitu vinne, wala si vya ajabu. Kila ombi la ardhi ya ufuo libandikwe kwa sheha kabla ya kupimwa. Tathmini ya mazingira isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa hadhara. Baraza la madiwani lipige kura, na kura ihesabike. Na mkataba useme wazi shehia inapata nini, kwa maandishi, si kwa ahadi ya kisima.

Na wewe uliyeandika "Pemba lini?", kazi yako hii hapa. Mkutano wa shehia ukiitwa, nenda. Ukiona bikoni, usiing'oe. Ipige picha, andika tarehe, mpelekee diwani barua na ubaki na nakala. Ukipewa karatasi ya kusaini, isome mpaka mwisho. Wazee wetu wa Misali hawakuwa na simu wala mitandao, na walishinda.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni na aje, karibu sana. Lakini apige hodi kwanza, na mlango afunguliwe na mwenye nyumba.

Asiyekuwepo na lake halipo. Tuwepo.